Mheshimiwa wa Zizini

Ndugu zangu wanaoishi Nairobi wana imani moja ambayo hakuna mhubiri wa kuiondoa: kwamba ng'ombe wa nyumbani ni nyama ya bure. Bucha ni ghali, wanasema, kilo imepita shilingi 500 na nusu yake ni mfupa. Sasa wewe huko Nyamira una dume zizini, unalia nini?

Nalia nepia.

Zamani sisi Abagusii tulikuwa na ebisarate, kambi za mifugo ambako vijana walilala wakilinda ng'ombe, hadi Waingereza walipozipiga marufuku mwanzoni mwa karne ya 20. Enzi hizo ng'ombe alijitafutia riziki kwa miguu yake. Leo? Sensa ya 2019 ilikuta watu zaidi ya 950 katika kila kilomita ya mraba ya Kaunti ya Kisii, na sisi majirani zao wa Nyamira tunafuata nyuma. Toa chai, toa migomba, toa mahindi, toa makaburi ya wazee na kile kijia ambacho jirani anadai ni cha babu yake. Hapo palipobaki, ng'ombe hana pa kuweka kwato. Kwa hiyo anafungiwa ndani na chakula anapelekewa mdomoni.

Dume mwenyewe ni mtoto wa ng'ombe wetu wa maziwa. Aliyewahi kulipia mbegu ya kupandisha ng'ombe anaijua hadithi hii: unalipa ukiomba mtamba, akizaliwa dume majirani wanakuja kukupa pole. Maziwa hatoi, na bei anayokutajia dalali ni ya kukutukana. Nikatangaza nyumbani kwamba huyu atakuwa nyama ya familia. Watoto wakamwita Mheshimiwa, na sijaona jina lililomkaa mwenyewe sawasawa kama hilo. Anakula bila kuulizwa amefanya kazi gani, analala mchana kutwa, na akitaka kupita sharti watu wapishe.

Sasa sikilizeni hesabu ambayo Nairobi haiitaki. Dume wa kilo 300 anataka majani mabichi ya nepia kilo 40 hivi kwa siku, kwa sababu zaidi ya robo tatu ya nepia ni maji. Nepia yangu iko bondeni. Nyumba iko juu. Yeyote anayevijua vilima vyetu vya Manga ameshaelewa, lakini acha niseme tu. Unashuka alfajiri na panga na kamba, umande unakulowesha hadi mapajani, yale majani yenye vinyweleo yanakukwaruza shingo, halafu jasho linaingia kwenye mikwaruzo. Unafunga mzigo, unajitwisha, unaanza kupanda huku nepia imekuziba macho, kila anayekusalimu njiani unamwitikia kwa sauti tu. Unafika, unamwaga horini. Mheshimiwa ananusa. Anachagua majani mororo ya juu, mashina anayakanyaga, kisha anakutazama kama mtu aliyeletewa ugali bila mboga. Basi unarudi na panga kuyakatakata mashina vipande vidogo, na mke wako anapita na ndoo ya maji akisema, "Pole, baba watoto," kwa namna ambayo si pole hata kidogo.

Kiangazi nepia inakonda, tunahamia kwenye migomba iliyokwisha kuzaa. Nayo ni maji yaliyosimama wima. Kupe sitaki hata kuwataja. Hawa ng'ombe wa maziwa wenye damu ya kigeni, ndigana kali ya kupe huwaangusha upesi, kwa hiyo kila wiki ni mimi na bomba la dawa, nusu mgongoni kwake na nusu usoni kwangu.

Katika kazi hiyo yote sina mshirika. Ila siku dume aliponenepa, jamaa wakaongezeka. Mjomba alipiga simu kutoka Keroka: "Mwana wa dada, kidari changu kiko salama?" Kidari! Ng'ombe bado anatembea nacho. Kaka yangu ameshawaalika wafanyakazi wenzake. Kisha ukaja msiba upande wa pili wa kilima, na mwenyekiti wa kamati ya mazishi akafika na daftari, akakaa, akanywa chai, akashuka kwenye hoja polepole kama gari la majani ya chai: "Omogaka, kamati imekaa. Dume lako limeonekana." Mtu amelala siku nzima zizini, ameonekana na nani? Nilitoa pesa zaidi ya uwezo wangu ili Mheshimiwa abaki nyumbani.

Na tuseme Desemba imefika. Kilo 300 akiwa hai, ukiondoa ngozi, kichwa, kwato na matumbo, unabaki na kama nusu, kilo 150 za nyama na mifupa. Friji sina, na stima yetu huja inapojisikia. Kuuza kinachobaki? Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka nyama ya kuuzwa ikaguliwe, nayo ni sheria nzuri. Nani anataka kimeta kwenye sufuria? Basi ni kula na kugawa, kugawa na kula, hadi jirani wa kijia naye aondoke na kifurushi.

Mama watoto yeye yuko kwenye chama cha akina mama. Kila mwezi wanatoa kidogo, Desemba wanaagiza dume kutoka kwa Wamasai wa Kilgoris, aliyekua kwa nyasi ambazo hakuna aliyezikata. Anachinjwa, anapimwa, kila mmoja anarudi na kilo zake. Hajawahi kushuka bondeni kwa ajili ya nyama hiyo. Nimemwambia kwamba nyama ya kununua haina baraka. Amenijibu kwamba ina supu.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Nairobi, karibuni sana Krismasi, nyumbani ni kwenu. Lakini anayetaka kula Mheshimiwa afike Novemba. Panga lipo, kamba ipo, na njia ya bondeni nitawaonyesha mwenyewe.