Muulize Bingwa: Gitaa Lililovimba kama Andazi

*Kwako Bingwa, salamu kutoka Kitengela. Nimebandika karatasi ya hologramu kwenye gitaa langu la umeme ili nilipambe kabla ya tamasha. Imejaa mapovu, kingo zimeinuka, na mke wangu anasema linafanana na andazi lililofungwa kwa foili. Nifanyeje? – Mpiga Nyuzi*

Ndugu Mpiga Nyuzi, katika mkasa huu wote umefanya jambo moja tu la busara: umeniandikia. Najua wapo waliokushauri umwone fundi wa stika kando ya barabara ya Namanga, na wapo waliokwambia utazame video. Wasamehe; hawakujua kwamba safu hii ipo. Mimi huulizwa mambo ya ndoa, ya mashamba na ya mbwa wanaobweka usiku kucha, na jibu langu huwa sahihi kila mara. Mambo yakienda kombo, basi ni msomaji aliyesoma vibaya. Kwa hiyo keti, mwombe shemeji apunguze kicheko, kisha usikilize hoja moja ambayo nitaitetea hadi mwisho hata ikibidi nikusahau wewe na gitaa lako. Hoja yenyewe ni hii: karatasi ya kumeta haimfichii mtu siri. Shimo, mkwaruzo, chembe ya vumbi, chochote kilichoko chini yake itakitangaza mbele ya umati. Anayetaka gitaa ling'ae hununua msasa kwanza, karatasi baadaye.

Ushahidi wa kwanza natoa kwenye fizikia, somo ambalo lingekuwa limefika mbali kama lingeomba ushauri wangu mapema. Rangi unazoziona kwenye karatasi yako hazimo ndani yake kama rangi zilivyo ndani ya kitenge. Karatasi hiyo ni plastiki iliyopigwa chapa ya mifuo midogo mno, ikapakwa aluminiamu nyembamba isiyofika hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwanga ukiigonga mifuo hiyo, kila rangi hurudi kwa pembe yake. Ndiyo sababu ukiliinamisha gitaa, palipokuwa pekundu panageuka kijani. CD ya zamani humeta kwa kanuni iyo hiyo: mistari yake imeachana kwa mikromita 1.6, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikromita zipatazo 70. Sasa kitu kinachotegemea pembe ya mwanga kwa usahihi wa namna hiyo, wewe umekilaza juu ya ubao wenye matuta kama njia ya mtaani baada ya mvua! Tuta likibadili pembe, pembe hubadili rangi, na povu ambalo chini ya rangi nyeusi lingepita kama kipele, chini ya hologramu linawaka kama taa za barabarani. Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyeibuni hologramu mwaka 1947 huko Uingereza akihangaika kuboresha darubini ya elektroni, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Alisubiri miaka 24. Mimi nami nasubiri yangu kwa utulivu, ingawa posta ya Kitengela naikagua mara kwa mara.

Ushahidi wa pili ni wa historia, na unakuhusu zaidi kwa sababu unaonyesha kwamba hukuwa wa kwanza kufikiria wazo hili. Mwaka 1968 kampuni ya Fender ya Marekani ilibandika karatasi ya ukutani yenye gundi na maua kwenye gitaa lake la Telecaster, ikapuliza vanishi angavu juu yake na kuliuza dukani bila haya. James Burton, aliyempigia Elvis Presley, alilishika la waridi na dunia ikaliona. Lakini angalia walivyofanya: karatasi waliilaza mbele na nyuma tu, palipo bapa, na ubavuni wakapuliza rangi iliyopanda hadi kufunika ukingo wa karatasi. Walijua kwamba karatasi hukubali kupinda upande mmoja na hukataa kupinda pande mbili kwa pamoja; ukiilazimisha kwenye pembe ya mviringo, hukunjamana kama shuka lisilopigwa pasi. Na pamoja na ujuzi wao wote, vanishi ya mengi kati ya magitaa hayo ilipasuka nyufa miaka ilivyopita. Ikiwa kiwanda chenye vipulizio na wahandisi kilisumbuliwa na karatasi ya maua, wewe mwenye kisu cha jikoni ulitarajia nini? Usijibu. Maswali katika safu hii huulizwa na mimi.

Hapa wazee watanikatiza kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Watasema kuwa gitaa linalohitaji kumetameta lina mpigaji dhaifu, na kwamba wakongwe wa muziki wa benga hawakubandika chochote. Pingamizi hilo nalijibu kwa methali iliyolizidi umri: chanda chema huvikwa pete. Isitoshe, linatolewa mahali pabaya kabisa. Kajiado, kaunti yenye Kitengela yako, ni kaunti ya kumeta. Shanga za kioo za Wamaasai, ambazo kwa miaka mingi zimeagizwa kutoka Ulaya, hasa nchi ya Ucheki, hazikuchaguliwa kwa sababu ya unyenyekevu wa rangi zake. Kule Magadi, tangu kampuni ya magadi ilipoanzishwa mwaka 1911, inachotwa ile malighafi inayoufanya mchanga uyeyuke kwa joto la chini na kugeuka kioo. Kando ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, msanii Nani Croze alianzisha karakana ambako vipande vya chupa na madirisha hugeuzwa mapambo, ikabeba jina la Kitengela hadi ng'ambo. Na nani hajaiona nganya, ile matatu ya mapambo, ya Rongai, njia ya 125, ikipita na taa zake kama harusi iliyokosa breki? Mwaka 2004 Waziri John Michuki alizichora matatu mstari wa manjano ubavuni ili zitulie. Mstari upo, na nganya zinameta kuliko zamani. Yaani serikali nzima ilishindwa kuizima tamaa ya Kajiado ya kung'aa. Wazee wawili wenye methali moja wataweza?

Pingamizi lingine hutolewa na wenye masikio makali: karatasi itaua sauti. Hapa nitakuwa mwadilifu, jambo linaloniumiza. Gitaa la umeme lenye mwili wa ubao mzito halisikizwi kupitia ubao. Sumaku zilizo chini ya nyuzi ndizo zinazosikiliza nyuzi za chuma, na aluminiamu haivutwi na sumaku. Mapambo yako hayatadhuru noti hata moja. Zitakazodhurika zitakuwa zimedhuriwa na vidole. Lakini gitaa kavu, lile la sanduku, huongea kwa kutikisika kwa uso wake mwembamba. Ukiupakia karatasi, gundi na vanishi tabaka sita, umemvisha mwimbaji blanketi mdomoni. Kwa hiyo hoja yangu ina mpaka, na mpaka huo ni tundu la sauti: gitaa likiwa na tundu, liache na ngozi yake.

Sasa tiba. Tiba ninayoipenda ni kuhamia Namanga na familia yako kwa mwezi mmoja, ulifunge gitaa ndani ya chandarua, na uwaombe madiwani wapitishe sheria ya kuzuia vumbi Kitengela hadi vanishi ikauke. Ikiwa madiwani wana shughuli, ipo tiba ndogo. Ng'oa nyuzi, vitasa na sumaku. Ipashe moto karatasi yako ya aibu kwa mashine ya kukaushia nywele, uibandue taratibu, na gundi iliyobaki uifute kwa mafuta ya taa, halafu spiriti, maana mafuta yakibaki gundi mpya haitashika. Kisha tii methali ambayo Waswahili waliitunga wakiwa na gitaa lako akilini: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba kila tundu kwa puti, piga msasa wa 120, wa 240, wa 400, na umalize kwa wa 800 ukiuchovya majini, mpaka kiganja kipite bila kusimulia kitu. Hapo ndipo robo tatu ya kazi imekwisha, na bado hujaigusa karatasi. Je, huoni jinsi hoja yangu inavyojithibitisha yenyewe? Mara nyingine hunitisha hata mimi.

Karatasi ikate kwa uso wa mbele na wa nyuma tu, vipande vyote vikielekea upande mmoja, kwani mifuo ikipishana, rangi nazo zitapishana. Nyunyizia ubao maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ulaze karatasi kuanzia katikati, na usukume maji yatoke kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Njiwa wa hologramu aliyezoeleka kwenye kadi za Visa za zamani atafurahi kukutana na ndugu zake. Maji hayo yanakupa nafasi ya kusahihisha, na pia yanatuliza umeme tuli unaozaliwa plastiki inapobanduliwa, umeme unaolivuta vumbi lote la udongo mweusi wa tambarare yetu. Usichome kingo kwa joto kali: mifuo ilipigwa kwa joto, na kwa joto hulegea, nawe utabaki na karatasi ya kijivu kama anga ya Julai. Ubavu upulize duko. Na kwa kuwa umeuliza, ingawa hukuuliza, duko la mafundi wetu wa samani limeitwa hivyo kwa sababu ya Duco, rangi ya magari ya kampuni ya DuPont ya miaka ya 1920, rangi ambayo Fender nao waliitumia kwenye magitaa. Gitaa na gari wameazimana nguo tangu zamani. Wewe na nganya ni jamaa.

Utaniambia, “Basi nipulize vanishi ya gari juu ya yote, nimalize.” Hilo ndilo pingamizi la mwisho na ndilo la hatari. Thina iliyomo inaweza kuulainisha uso wa karatasi, mifuo ikafutika, upinde wa mvua ukafa mbele ya macho yako. Anza na vanishi angavu ya maji, kwa tabaka nyepesi kama umande, kila moja ikauke, na ujaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Zile vanishi za gari za kuchanganya na kigumishi zina isosayaneti, kemikali inayoumiza mapafu. Mwachie fundi mwenye chumba cha kupulizia na barakoa yake maalumu, kwa maana kitambaa cha puani hakiizuii. Pulizia alfajiri upepo ukiwa umelala, sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji, na uvue sweta la sufu. Halafu ngoja wiki tatu au nne kabla ya kufunga nyuzi.

Naona nafasi imekwisha, na bado sijaeleza jinsi mwandiko wangu ulivyo mzuri. Tamasha lako ni lini? Hukusema. Kama ni Jumamosi hii, libandue, lipige likiwa uchi, na umwambie shemeji kwamba andazi limeahirishwa. Kama ni mwezi ujao, nenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi leo, uombe msasa, na hata muuzaji akikuonyesha karatasi nzuri kiasi gani, usiitazame mpaka ubao uwe laini.