Daktari wa Ndoana

Mtoa mada alipanda jukwaani na ufito wa kuvulia mkononi, kofia yake imechomekwa ndoana pande zote hata waliokaa mstari wa mbele wakasogeza viti nyuma. Alijitambulisha kuwa Daktari wa Ndoana. Shahada hiyo alijitunuku mwenyewe, kwa sababu, alieleza kwa masikitiko, hajatokea mwenye sifa za kumtunuku. Ilikuwa Jumamosi ya Julai mjini Minneapolis. Ukumbi ulijaa Waafrika Mashariki waliovutwa ama na elimu ama na harufu ya pilau.

"Mabibi na mabwana," alianza, "jimbo hili la Minnesota hujitangaza kuwa na maziwa 10,000. Unyenyekevu wa kupindukia! Ukihesabu yenye ekari 10 na zaidi, yanafika 11,842. Hata Mille Lacs, ambalo kwa Kifaransa maana yake ni maziwa elfu, ni ziwa moja tu: eneo linapita kilomita za mraba 500, na kina chake hakizidi mita 13 hivi. Humo nimefanya utafiti majira sita ya joto."

Takwimu zilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoudhi kuhusu Daktari: kila alilosema lilikuwa kweli.

Akamfungulia mashtaka wolai. Samaki huyu, alisema, ni samaki rasmi wa jimbo tangu 1965, yaani mtumishi wa umma, lakini saa za kazi hapatikani. Ni kama ofisini: koti limetundikwa kwenye kiti, mwenyewe hayupo. Nyuma ya mboni zake kuna utando unaorudisha mwanga, kama wa paka, kwa hiyo huona vizuri gizani na kwenye maji ya vurugu. Jua kali la kiangazi humkera. Hushuka kilindini, kisha hupanda kula magharibi au usiku, ama upepo unapochafua uso wa ziwa na kuuvunja mwanga. Chambo anachokipenda ni ruba, ndiyo, ruba yule yule mnyonya damu, ambaye hutungwa kwenye ndoana kwa upande wa kinyonyeo chake kikubwa cha kujishikiza. Daktari alionyesha namna ya kumtunga kwa kutumia kipande cha tambi. Ruba halisi, alikiri kwa sauti ya chini, hajawahi kumgusa.

Samaki mwingine, paiki, alimwita bwana mkubwa. Mwenye umbo refu kama mkuki na meno yaliyolalia ndani, hukata mshipi wa kawaida, ndiyo maana wavuvi hutanguliza kipande cha waya kabla ya ndoana. Maji yakipata joto mwezi wa saba, wale wakubwa huyahama majani ya ufukweni na kutafuta ubaridi wa chini, kama mabwana wa kikoloni walivyokuwa wakikimbilia Lushoto. Wanaobaki majanini ni vijana. Na ukimpata mkubwa ukamla bila ujuzi, vijifupa vyake vyenye umbo la herufi Y vitakufundisha adabu.

Kwa besi mdomo-mpana, sauti ilipanda hadi spika zikalia. "Jina la kughushi! Huyu si besi hata kidogo, ukoo wake ni mwingine kabisa! Na bado Wazungu walimsafirisha mpaka Naivasha, mwishoni mwa miaka ya 1920, wapate wa kucheza naye!" Wakenya waliokaa nyuma walipiga makofi, kwa Naivasha zaidi kuliko kwa hoja. Akasimulia jinsi dume linavyochimba kiota na kulinda mayai na vifaranga, jike likiwa limeshajiendea zake. Akina mama walicheka. Akina baba wakaangalia simu. Halafu akamtaja George Perry, aliyevua besi wa kilo 10 na ushei huko Georgia tarehe 2 Juni 1932, rekodi ambayo haikupata mwenzake mpaka 2009, pale Manabu Kurita alipoifikia katika Ziwa Biwa, Japani.

Kipindi cha maswali kilikuwa kifupi. Mama mmoja wa Kisumu, mkono mmoja tayari una sahani, alisimama.

"Daktari, na wewe umevua wangapi?"

Daktari alirekebisha miwani. Neno kuvua, alisema, lina upana. Mtu huvua kofia, huvua viatu, na yeye ziwani amevua vyote viwili. Isitoshe, wavuvi wa kisasa humwachia samaki baada ya kumnasa. Yeye ameendeleza mbinu hiyo, humwachia mapema zaidi.

"Nimekuelewa," mama alijibu. "Na huyo Perry, besi wake alimwachia?"

"La. Alimpeleka nyumbani, wakamla."

"Basi mwalikeni huyo," mama akasema, akielekea kwenye pilau.