Utukufu wa Keri

Keri ni somo ambalo mwanafunzi wa chuo kikuu amelifeli mwisho wa muhula, akalifeli tena kwenye supu, kisha akaruhusiwa kuvuka nalo kwenda mwaka unaofuata. Katika vyuo vya Tanzania keri ina ndugu wawili, na heshima yake haionekani mpaka ipimwe nao. Mdogo ni supu, mtihani wa marudio unaofanywa wenzako wakiwa likizo. Supu haina vipindi wala mhadhiri, na anayeifaulu, hata kwa alama 90, kwa kawaida huandikiwa C. Mkubwa ni disko, ambayo humrudisha mtu kwao pamoja na godoro lake. Kati ya hao watatu ni keri peke yake inayomrudisha mwanafunzi ukumbini, aketi, asikie upya jambo lile lile, mara nyingi kutoka kwa mtu yule yule.

Wengi huiona aibu. Huko ni kukosa shukrani. Serikali imempa kijana mkopo, wazazi wamempa mawaidha, chuo kimempa kitabu kizima cha kanuni, na vyote hivyo havikumtoa kiti cha nyuma. Keri humtoa kwa siku moja. Anayerudia Takwimu ya mwaka wa kwanza hufika kabla projekta haijawashwa, hukaa mstari wa pili, na kalamu anayo ya kwake. Mwaka uliopita alisubiri bumu, yaani pesa ya mkopo, liingie ndipo anunue daftari, na bumu lilipoingia lilikuwa na shughuli nyingine. Usiku wa kuamkia mtihani alisomea desa (maandishi ya somo) la kuazima, lililokuwa nakala ya nakala ya desa la mtu aliyekwisha hitimu, ambamo alama za kujumlisha zilikuwa zimefifia zikawa za kutoa.

Hata sayansi iko upande wa keri. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaziacha zimtoke kichwani, halafu akazikariri upya huku akipima muda. Kilichoonekana kimefutika kilikuwa hakijafutika chote, kwani mara ya pili kilimchukua muda mfupi zaidi. Aligundua pia kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa huzaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwenye keri ameyatawanya ya kwake kwa mwaka mzima, subira ambayo watafiti wachache wangethubutu kuidai kwa mtu. Ni kweli kwamba lazima kwanza kiwepo kitu cha kusahau. Ambaye mwaka wa kwanza hakuhudhuria kabisa hana akiba hiyo.

Lakini utamu wenyewe umo ndani ya somo. Mtawanyiko wa sampuli hupimwa kwa kanuni inayogawanya kwa n − 1 badala ya n, yaani idadi ya namba zilizomo. Mara ya kwanza mwanafunzi huikariri kama namba ya simu, na akiingia kwenye mtihani hukumbuka kwamba kuna kitu kinapunguzwa moja, asikumbuke ni kipi. Mara ya pili, kwa kuwa hana pa kukimbilia, huuliza kwa nini. Zichukuliwe namba 2, 4, 6, 8 na 10. Wastani wake ni 6, na tofauti zake na wastani huo ni −4, −2, 0, 2 na 4. Jumla ya tofauti hizo ni sifuri, kama inavyokuwa siku zote, kwa hiyo anayezijua nne ameshaijua ya tano. Hiyo haina habari mpya. Tena wastani wenyewe umechotwa humohumo kwenye sampuli, hivyo namba hizi kwa kawaida huukaribia huo kuliko zinavyoukaribia wastani halisi wa kundi zima ilikotoka sampuli. Kila tofauti ikizidishwa kwa yenyewe, jumla ni 40. Kugawa kwa 5 huleta 8, kipimo ambacho, sampuli zikiwa nyingi, kwa wastani hupunja. Kugawa kwa 4 huleta 10, na upunjaji huo umesahihishwa. Maelezo haya hayazidi dakika kumi. Mwaka uliopita nayo yalitolewa, ila yaliangukia saa mbili asubuhi.

Keri pia hupandisha cheo. Wanafunzi wapya wakimwona mtu mtulivu, anayejua mhadhiri atauliza nini, humwita kaka au dada, na wapo wanaomdhania ni mwalimu msaidizi. Wao ndio humwomba awaelekeze, na katika kuwaelekeza huvumbua ni wapi yeye mwenyewe alikuwa akidanganya tu kwamba ameelewa. Vichekesho vya mhadhiri anavijua vyote. Hucheka mapema kidogo, jambo linalompa mzee moyo.

Gharama zipo, na msifu mwaminifu hazifichi. Ratiba ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili hazikutungwa zijuane, hivyo keri hugongana na kipindi kingine karibu kila wiki. Tesiti na kazi za nyumbani hufanywa upya zote. Keri ya mwaka wa mwisho hugusa joho lenyewe, na huko nyumbani yupo shangazi aliyeshashona nguo ya mahafali. Hapo keri hufundisha jambo lisilo kwenye mtaala: kusema “bado kidogo, shangazi” bila sauti kutetemeka.

Fadhila zote hizi humwendea aliyebadilika. Anayerudi na kinyongo kwamba mhadhiri alimwonea hukaa kiti kile kile cha nyuma na desa lile lile, na keri, kwa uungwana wake, humngoja mwaka mwingine kanuni zikiruhusu. Tena kipimo chake ni moja, zikizidi sana mbili. Mwenye keri nne hapati nafasi ya kuuliza habari za n − 1. Muda wake wote huishia njiani, akikimbia kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine.