Daktari wa Betri
Shemeji yangu ni bingwa wa kutunza chaji. Kila dakika kumi anafagia programu zote kwenye simu, kisha anazifungua upya zile zile, na huko kufungua ndiko mara nyingi kunakokula chaji zaidi. Mwangaza wa kioo, mlaji mkubwa, kauacha juu kabisa. Usiku huilaza simu chini ya mto ikichajiwa, iive pamoja na sikio lake. Na betri ya lithiamu haina adui kama joto. Nikamshauri achaji kati ya asilimia 20 na 80. Akanitazama kwa huruma: “Shemeji, hiyo 20 ya juu nimwachie nani?” Jana kanipigia kuuliza dawa ya betri. Simu yake ikazimika kabla sijafika kwenye mwangaza.