Tunaomba Tochi ya Stendini

Kwa Mamlaka Husika,
Popote mlipo.

Yah: Kupima mwendo wa gari lililosimama

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Bunda, kibarua changu kiko Musoma, na barua hii naiandikia ndani ya Hiace. Ikianza kutembea nitashindwa kuandika, kwa hiyo nafasi ninayo tele.

Kwanza pongezi. Njia nzima hadi Bweri, Musoma, kila penye nyumba pana kibao cha 50, na mbele yake trafiki kajibanza na tochi. Dereva akizidisha kidogo, faini. Kasoro ni moja tu: tochi yenu inamwona anayekwenda. Gari linalonguruma stendini saa nzima, kondakta akiapa "bado mmoja, twende!", halionwi na chombo chochote. Huyo mmoja ndiye mtu anayesubiriwa kuliko wote mkoani Mara. Akiingia, vijana wawili wa siti ya mbele wanashuka. Kumbe ni wapiga debe, walikuwa wanatupamba.

Dereva simlaumu. Wengi wao hawana mshahara. Kuna hesabu ya bosi, kuna mafuta, kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Akiondoka na viti vitupu, hasara ni yake peke yake. Basi anajaza, na akishajaza anajaza tena. Kiti cha watatu kinapata wa nne, wanafunzi wanasimama wameinama kama wako ibadani, na ndoo ya dagaa inakaa dirishani. Tukifika Makutano, abiria wakiwa wamepungua, tunafaulishwa kwenye gari lingine, ambalo nalo, bila shaka, bado mmoja.

Waliochoka hupanda mchomoko: Probox ya watu watano yenye watu wanane, mmoja akigawana kiti na dereva. Huo huondoka mapema. Ndipo tunaposikia redioni mkitukemea kwamba abiria tunapenda hatari.

Mwaka 1934 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwenda kuanza Shule ya Mwisenge, Musoma. Ilikuwa ya bweni. Wakoloni walitukosea mengi, lakini hapo waliona mbali. Angekuwa mwanafunzi wa kutwa wa kupanda Hiace, siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, tungekuwa bado tunamsubiri Makutano.

Mabasi ya mwendokasi hatuombi. Wenzetu wa Kimara, Dar es Salaam, wanayo tangu 2016 na tumewaona wakiingilia madirishani. Ila tunashangaa jambo moja. Anayekwenda Dar es Salaam ana tiketi, namba ya siti na saa ya kuondoka. Anayekwenda Musoma kila siku ya Mungu anajua nauli tu. Tuandikieni saa kwenye ubao, magari yaondoke kwa zamu, yamejaa hayajajaa, na hasara ya viti vitupu bosi naye aionje kwenye hesabu yake.

Najua mtaunda kamati. Wajumbe wasije na mashangingi. Wapande hapa Bunda saa kumi na mbili asubuhi, kwa nauli zao. Posho ya kulala njiani, Kiabakari, itengwe mapema.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa Nne, Kiti cha Watatu

Nakala: Msimamizi wangu wa kazi, iwe maelezo ya kuchelewa leo na kesho.