Namna ya Kujenga Kituo cha Manowari Rufiji Bila Kulowa

Kwanza pata Ujerumani iliyoshinda Vita Kuu ya Kwanza. Dukani haiuzwi, lakini imo ndani ya Kaiserreich, toleo lililotengenezwa na mashabiki wa mchezo wa Hearts of Iron IV. Humo, mwaka 1936 Kaiser bado yuko kwenye kiti chake, na sehemu kubwa ya Afrika ya Kati imeshonwa kuwa koloni moja liitwalo Mittelafrika, chini ya Hermann Göring. Wenyeji wataulizwa maoni yao baadaye, wakishaasi.

Sasa tazama pwani ya koloni hilo, Tanga mpaka Lindi. Popote nchi kavu inapogusana na bluu panafaa kituo. Bofya. Kituo kina ngazi 10, na kutoka ya kwanza hadi ya kumi kinachohitajika ni subira tu. Tenga viwanda vya kiraia 15, maana mradi mmoja haupokei zaidi ya hivyo. Usihangaike viko wapi. Kiwanda cha bara kitamwaga zege Kilwa bila reli, bila lori, bila hata punda.

Usipime kina cha maji. Kanuni inatambua bahari na nchi kavu. Bamvua na maji mafu haijawahi kuyasikia. Waingereza wa mwaka 1915, watu wasio na kipanya, ilibidi wakokote kutoka Malta vijimanowari viwili vya maji mafupi, Severn na Mersey, vilivyokuwa vimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, kwa sababu meli zao kubwa zisingeweza kupita kwenye matope ya Rufiji kuifuata manowari ya Kijerumani iliyojificha humo. Wewe ingiza manowari ya tani 35,000 moja kwa moja mpaka kwenye mikoko. Viboko watasogea.

Makaa na mafuta yatatoka wapi? Swali hilo huulizwa na watu wasiotaka kushinda. Admirali Rozhestvensky wa Urusi alitoka Baltic mwaka 1904 kwenda kupigana na Wajapani, na njia nzima hakuwa na kituo hata kimoja cha nchi yake. Aliishi kwa makaa yaliyoletwa na meli za kampuni ya Kijerumani, yakarundikwa hadi kwenye sitaha na vyumba vya mabaharia. Pale Nossi-Bé, Madagaska, alikwama zaidi ya miezi miwili mwanzoni mwa 1905, kisha akaenda kuangamizwa Tsushima mwezi Mei. Mchezaji mzoefu huimaliza safari hiyo kwa kubofya mara moja huku akitafuna karanga.

Kundi lenu la wachezaji likijitungia kanuni zake, hakosekani mmoja atakayetaka magudi yahesabiwe: urefu wake, upana wa mlango wake, meli ipi inaingia na ipi inabaki nje inavuja. Mtu huyo ni hatari. Atawakumbusha kwamba tarehe 28 Machi 1942 Waingereza waliibamiza meli nzima iliyojaa baruti, Campbeltown, kwenye mlango wa gudi moja la St Nazaire, Ufaransa, ili manowari ya Kijerumani Tirpitz isipate pa kutengenezewa upande ule wa Atlantiki, na gudi hilo halikufanya kazi tena mpaka vita vikaisha. Kwenye mchezo kituo kilichopigwa hurudi kuwa kizima chenyewe, kama ngozi iliyokwaruzwa, mradi viwanda vipo. Mafundi hawamo katika hesabu. Zile siku tatu za Mei 1942 ambazo mafundi wa Pearl Harbor waliifunga viraka meli ya ndege Yorktown ili iwahi vita vya Midway, kanuni inaziandika kama asilimia.

Akizidi ubishi, mpe Singapore anyamaze. Waingereza walikizindua kituo chao cha huko mwaka 1938, kwa pauni milioni 60 hivi, kikiwa na gudi la futi 1,000. Hiyo ni ngazi ya 10 kwa hesabu yoyote. Kilichosahaulika ni meli za kukaa humo. Zilipoletwa manowari Prince of Wales na Repulse, zikazamishwa na Wajapani tarehe 10 Desemba 1941, na Februari iliyofuata kituo kikabadilisha mwenyewe. Meli za Admirali wa Kiingereza James Somerville zilikuja kujificha wapi, baada ya Wajapani kupiga Colombo na Trincomalee Aprili 1942? Kilindini. Bandari ambayo mchezaji anayejiheshimu huipita bila hata kuitupia jicho. Wasomaji wa siri za Wajapani nao wakapewa madarasa ya shule ya Allidina Visram, Mombasa. Ongezeni kanuni basi: ubao na chaki, alama mbili za ujasusi.

Tukirudi Rufiji, ni vizuri ujue Wajerumani wenyewe walivyojenga, ili usiwaige. Agosti 1914, kwa kuogopa Waingereza wasiingie Dar es Salaam, walilizamisha gudi lao linaloelea kwenye lango la bandari. Manowari yao pekee ya maana katika koloni, Königsberg, ilikuwa nje baharini. Ikabaki na mikoko. Tarehe 20 Septemba ilitoka ikaizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, ambayo nayo ilikuwa imetia nanga ikihangaika na mitambo yake, kisha mashine za Königsberg zikagoma. Karakana ilikuwa Dar es Salaam, meli iko deltani, katikati zaidi ya kilomita 100 za pori. Vyuma vikapandishwa mabegani mwa wapagazi, vikapelekwa, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa mabega hayohayo. Hicho ndicho kilikuwa kituo cha manowari cha Ujerumani Afrika Mashariki. Sijaona mchezo uliokipa ngazi.

Meli hiyo iliangamizwa Julai 1915, lakini mizinga yake 10 iliopolewa, ikawekewa magurudumu, na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akaikokota vitani nchi kavu. Mmoja umesimama Fort Jesus, Mombasa, hadi leo, karibu na mzinga wa Pegasus. Hapa ndipo ninapowalaumu watengenezaji wa mchezo kwa dhati, maana kitufe cha kugeuza manowari iliyokufa kuwa mizinga ya barabarani hakipo. Waandikieni huko kwao Stockholm wakiongeze. Na bei yake, safari hii, waiweke kwa wapagazi, siyo kwa viwanda.