Shamba la Babu na Wadai Wake

Jirani anayepakana na shamba la marehemu babu kule Muheza alianza na choo. Hakuna aliyesema neno, maana choo ni haja ya kila mtu. Likafuata banda la kuku, kisha seng'enge, na seng'enge ikachukua mistari miwili ya michungwa. Msimu ulipofika, jirani akawauzia wachuuzi machungwa ya miti ile. Hapo ndipo ukoo ulipoamka. Choo walikivumilia, lakini magunia ya machungwa yaliwafanya wakeshe kwenye simu.

Kikao kiliitishwa sebuleni kwa baba mkubwa, na kila aliyevua viatu mlangoni alikuwa mdai. Baba mkubwa alidai kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Baba mdogo alidai kwa kuwa aliwahi kulipalilia. Binamu yetu wa chuo alidai kwa kuwa alikuwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kwenye simu yake. Bibi akauliza nani atatoa nauli. Wadai wote wakainamia vikombe vya chai.

Nauli ilipatikana, tukaenda Baraza la Kata. Baba mkubwa alivaa suti aliyomzikia babu, akitarajia kusikia hukumu kabla ya adhuhuri. Akaambiwa kwamba tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, Baraza la Kata halihukumu migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na mawakili hawaruhusiwi. Mjumbe mmoja, mama wa makamo, akamtazama toka kichwani hadi miguuni. “Mzee, unataka hukumu au unataka shamba?” Baba mkubwa akajibu kwamba anataka vyote viwili. Jirani naye akaapa kwamba babu alimpa eneo lile kwa mdomo wake mwenyewe, na tena ameishi hapo miaka 15. Siku 30 za usuluhishi zikaisha bila mkono kupeanwa, tukapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba imeshindikana.

Kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, jirani alikuja na wakili. Kabla choo hakijatajwa hata mara moja, wakili akasimama na pingamizi la awali. Mwenyekiti akatugeukia: nani kati yenu ni msimamizi wa mirathi ya marehemu?

“Mimi ni mtoto wake wa kwanza,” akasema baba mkubwa.

“Sikuuliza hilo, mzee.”

Maombi yetu yakaondolewa barazani, na gharama za wakili wa jirani tukabebeshwa sisi. Mali ya marehemu haidaiwi na kila anayemlilia. Anayesimama kuidai ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Damu inakupa fungu katika urithi, lakini haikupi nafasi ya kusimama mbele ya baraza kwa niaba ya marehemu. Uchungu ndio haukupi chochote.

Vita vikahamia nyumbani. Wengi waliamini kwamba msimamizi ndiye mwenye mali, hivyo jina la shangazi lilipotajwa, baba mkubwa alisusa chai yake, akasusa na maandazi. Lakini sanduku la karatasi za babu lilikuwa chini ya kitanda cha shangazi, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Muhtasari wa kikao cha ukoo ukaandikwa, cheti cha kifo kikaambatishwa, Mahakama ya Mwanzo ikamteua. Hakimu akamkumbusha kwamba ndani ya miezi 4 alete orodha ya mali na madeni, kisha hesabu ya mgawanyo. Baba mkubwa aliposikia kwamba msimamizi huhesabiwa hadi shilingi ya mwisho, uso ukamkunjuka. Jioni ile alikunywa vikombe viwili.

Mwaka 2023 tukarudi barazani, safari hii mdai akiwa mmoja tu, shangazi. Wakili wa jirani akaishika ile miaka 15, kwa sababu madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Choo kilijengwa lini? Bibi akasema ni baada ya mvua iliyovunja daraja. Baba mdogo akasema ni kabla. Binamu akatafuta kwenye simu, asione sheria inayotaja choo chetu.

Shangazi akafungua mkoba akatoa albamu ya harusi ya baba mdogo, iliyofanyika shambani mwaka 2014, tarehe ikiwa imepigwa na kamera pembeni mwa kila picha. Nyuma ya bibi harusi ni michungwa mitupu. Hakuna choo, hakuna banda, hakuna seng'enge. Na aliyeegemea mchungwa mmojawapo, sahani ya pilau mkononi, ni jirani mwenyewe. Kwa kauli yake mwenyewe mbele ya baraza, alikubali kwamba siku ile alikuwa mgeni mwalikwa. Wakili wake akaomba maji.

Baraza lilikuja hadi shambani. Bibi akawapitisha mti kwa mti, akitaja mtoto aliyeupanda kila mmoja, na alipofika kwenye seng'enge akaendelea kuhesabu kana kwamba haipo. Uamuzi ukatoka: eneo ni sehemu ya mirathi ya marehemu, na jirani aondoe vilivyo vyake.

Kesho yake asubuhi baba mkubwa alikuwa mlangoni kwa shangazi akitaka fungu lake la machungwa. Shangazi akafungua daftari. Nauli, ada, nakala, gharama za yale maombi ya kwanza: madeni hulipwa kabla ya warithi. Baba mkubwa akaondoka na machungwa matatu, tena ya kuonja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ninyi mlio na shamba la marehemu linalomegwa, msianze kwa kumfuata jirani na panga wala wakili. Hakikisheni mahakama imeteua msimamizi wa mirathi mapema, hesabuni miaka kabla haijafika 12, na mtunze karatasi na picha zenu, zile za harusi zikiwemo.